Barua ya wazi kwa wakuu wa utabiri wa hali ya hewa: tuambieni mvua gani, wapi na saa ngapi

Kwa Mkurugenzi na wakuu wa vitengo,
Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UTABIRI WA KILA SIKU UNAOMWACHA MSIKILIZAJI PALEPALE

Pokea salamu zangu, na uzifikishe kwa wataalamu walio chini yako, hasa wale wa zamu ya usiku wanaosoma vipimo wakati sisi wengine tumelala. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kile kinachotufikia baada ya wao kumaliza kazi.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini imefika mwisho. Barua zangu zilipigwa muhuri wa kupokelewa zikaingia kwenye faili. Nilipofuatilia, niliambiwa maoni yangu yanafanyiwa kazi. Nilipopiga simu kuuliza kazi hiyo imefikia wapi, aliyepokea, tena kwa uungwana wote, alinishauri niandike barua. Basi nimeandika, ila safari hii isomwe na kila mtu.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Asubuhi naamua kama tunamwaga zege au hatumwagi, na uamuzi huo haurudishwi nyuma: mchanganyiko ukishaanza kumwagwa kwenye slabu, lazima umalizike siku hiyohiyo. Zege changa likipigwa na mvua kubwa kabla halijashika, maji huosha saruji ya juu, kokoto zikaanza kuchungulia, na uso mzima ukabaki wa mchangamchanga unaokwanguka kwa ukucha. Aliyeanika mazao anauliza swali langu hilohilo. Mvuvi analiuliza, na mwenye sherehe ya uwanjani pia. Hakuna kati yetu anayewadai uganga. Tunachosema ni kwamba wataalamu wenu wanajua mengi kuliko mnayotutangazia, na yale wasiyoyajua nayo wangeweza kutuambia waziwazi. Vyote viwili vinapotea njiani, kati ya chumba cha utabiri na tangazo la jioni.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Utabiri wenu umeandikwa usiweze kukosea.

"Mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua." Sentensi hii tumeisikia hadi watoto wanaikariri. Itazameni vizuri. Ikinyesha, mlisema. Isiponyesha, basi sisi hatukuwa katika yale maeneo machache. Jua likiwaka, vipindi vyake vilitajwa, na mawingu yakitanda kutwa, nayo yamo. Hakuna siku ya kawaida inayoweza kuiumbua sentensi hiyo, na ndiyo maana hakuna uamuzi unaoweza kuegemezwa juu yake.

Robert FitzRoy, yule aliyewahi kuwa nahodha wa meli ya Beagle, alianza kuchapisha utabiri wa kila siku katika gazeti la The Times la London mwezi Agosti 1861. Vifaa vyake vilikuwa vipimahewa, vipimajoto na taarifa za telegrafu kutoka vituo vichache. Alikosea mara nyingi na akadhihakiwa vibaya. Lakini alidhihakiwa kwa kuwa alikuwa amesema jambo ambalo kesho yake mtu angeweza kulipima. Leo mna setilaiti, rada na kompyuta ambazo yeye asingeweza hata kuziota, kisha mnatumia maneno yanayowakinga na kipimo hichohicho.

2. Asilimia mnazotoa hazina maelezo.

Siku hizi mmeanza kuweka asilimia ya mvua kwenye picha zenu, na kwa hilo nawapongeza kwa dhati. Ila asilimia 40 ya nini? Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Ujerumani Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu katika miji mitano, yaani Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York, maana ya kuambiwa kwamba kesho kuna uwezekano wa asilimia 30 wa mvua. Wapo waliosema mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya muda wa siku. Wapo waliosema itanyesha kwenye asilimia 30 ya eneo. Jibu sahihi, kwamba katika siku kumi zenye hali kama ya kesho mvua itanyesha katika siku tatu hivi, lilitolewa na walio wengi New York pekee. Na hao wa New York hawakuwa na akili kuliko wengine. Nchini Marekani asilimia za mvua zimekuwa zikitangazwa kwa umma tangu miaka ya 1960, kwa hiyo masikio yao yalishazoea.

Zaidi ya hapo, asilimia bila kiwango na bila muda ni nusu ya habari. Katika utaratibu wa kawaida, siku inahesabiwa kuwa ya mvua hata kwa sehemu ya milimita, yaani maji yanayolowesha jani na kukauka kabla hujamaliza kulalamika. Kwa hiyo kuna siku ya asilimia 90 ambayo mimi namwaga zege bila wasiwasi, kwa kuwa yanayokuja ni manyunyu tu. Na kuna siku ya asilimia 30 ambayo sithubutu, kwa kuwa hiyo 30 ni ya radi na milimita 40 ndani ya muda mfupi. Kwenye picha yenu siku ya kwanza ina wingu jeusi lenye matone, ya pili ina jua linalochungulia nyuma ya wingu jeupe. Mtu akiifuata picha ataamua kinyume siku zote mbili.

Muda nao ni hivyohivyo. Asilimia 40 kwa kila saa, kuanzia mchana hadi jioni, si sawa na asilimia 40 kwa siku nzima. Msomaji atajuaje ipi ni ipi kama hamkuandika?

3. Mnatuficha aina ya wingu, na hapo ndipo habari yote ilipo.

Hapa naomba uvumilivu wako, Ndugu Mkurugenzi, maana ndilo lalamiko langu kubwa.

Mvua si moja. Kuna ile inayotoka kwenye wingu lililotandaa kama tabaka, la kijivu lisilo na mwanzo wala mwisho, ambalo wataalamu wako huliita nimbostrato. Wingu hilo huweza kufunika eneo la mamia ya kilomita, mvua yake hunyesha kwa saa nyingi kwa kasi ileile, na kompyuta zenu hulikamata vizuri, mara nyingi siku kadhaa kabla. Siku ya wingu hilo, neno "maeneo machache" halina kazi. Semeni tu kwamba itanyesha kutwa na kila mtu abaki nyumbani kwake.

Kisha kuna wingu la kupanda, kumulonimbo, na hili ndilo linalotutesa. Ardhi inapata joto, hewa iliyo juu yake inakuwa nyepesi na kuanza kupaa. Ikipaa inatanuka na kupoa, karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita, hadi inafika kimo ambacho mvuke wake unageuka matone. Kimo hicho unakiona kwa macho: ni ule upande wa chini wa wingu uliokatwa bapa, wakati juu kumejaa mabonge. Matone ya mwanzo ni madogo mno, upana wake takriban sehemu mbili za mia za milimita, na yanaelea tu. Ili lipatikane tone moja la mvua la milimita 2 inabidi yaungane kama milioni moja. Kazi hiyo inafanyika ama kwa matone kugongana na kumezana, ama, wingu likishapanda hadi kwenye baridi kali, kwa fuwele za barafu kukua kwa kunyang'anya mvuke kutoka kwa matone yaliyo jirani, njia iliyofafanuliwa na Msweden Tor Bergeron miaka ya 1930. Mvua nyingi inayotulowesha kwenye joto imeanza kama barafu huko juu. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwafanya watoto waipende taarifa yenu ya hali ya hewa kama mngelisema hata siku moja.

Kwa nini naeleza haya kwa mtu anayeyajua kuliko mimi? Kwa sababu kila hatua ina dalili inayoonekana kutoka chini, na sisi tungeweza kuisoma kama mngetufundisha. Asubuhi ukiona mawingu ya kati yamejipanga mstari na kuchipuza minara midogo midogo juu yake, hewa ya huko haijatulia, na alasiri inaweza kuleta radi. Kuelekea mchana ukiona mabonge yanakua kwenda juu kuliko yanavyotanuka kando, kaa macho. Kingo za kilele zikiwa kali na zinang'aa, bado ni maji. Zikianza kulegea na kuchanika kama nyuzi, barafu imeingia, na mvua haiko mbali. Kilele kikifika dari, ambapo hewa haipandi tena, kinatandaa pembeni na kupata umbo la fuawe ya mhunzi. Katika nchi za tropiki dari hiyo iko kilomita 16 na zaidi kutoka ardhini. Kisha kabla ya tone la kwanza unakuja ule upepo wa ghafla wenye baridi, ambao ni hewa iliyopozwa na mvua ikimwagika kutoka wingu lenyewe na kutambaa ardhini mbele yake. Kwenye saiti vijana wangu wameshaujua. Ukipiga tu, hakuna anayesubiri kuambiwa. Nailoni zinatandikwa juu ya slabu na mawe yanawekwa kwenye kingo.

Pia yapo ambayo watu wameyaelewa vibaya, na ninyi mmekaa kimya. Weusi wa wingu si ahadi ya mvua. Ni unene tu: mwanga wa jua haupenyi hadi upande wetu. Wingu jeusi linaweza kupita bila kitu. Na ile michirizi inayoning'inia chini ya wingu bila kugusa ardhi ni mvua ya kweli inayonyesha, ila inakauka njiani kwa sababu hewa ya chini ni kavu. Mtu anaiona, anaanua vitu vyake, hapati hata tone, na anawalaumu ninyi kwa jambo ambalo mngeweza kulieleza kwa sentensi moja.

Aliyeyapa mawingu majina tunayoyatumia hadi leo, Luke Howard, hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Alikuwa mtengenezaji na muuzaji wa dawa wa London aliyependa kutazama juu, na mwaka 1802 akasimama mbele ya kikundi cha wapenda sayansi akasoma makala yake. Atlasi ya kimataifa ya mawingu inayosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani bado inajenga jenasi zake kumi, yaani makundi makuu ya mawingu, juu ya msingi wa Howard. Kama raia wa kawaida aliweza kuyapanga mawingu, raia wa kawaida wanaweza kuyatambua.

4. Eneo mnalolitabiria ni kubwa kuliko mvua yenyewe.

Seli moja ya radi, yaani wingu moja la radi lenye kujitegemea, ina upana wa kilomita chache na uhai wake mara nyingi haufiki saa moja. Ninyi mnatoa alama moja kwa eneo ambalo gari linahitaji saa kadhaa kulivuka. Najua sababu. Hata modeli (programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa) ya dunia nzima ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati, mojawapo ya zinazoheshimika kuliko zote, tangu 2016 imekuwa ikiigawa dunia katika vipande vya kilomita 9 hivi, na seli ya radi inaweza kuzaliwa na kufa ndani ya kipande kimoja. Hilo si kosa lenu. Kosa ni kutoa alama moja kana kwamba mmeona kila kitongoji.

Vipimamvua navyo vina upana wa mdomo wa sentimita 20 hivi, vingine pungufu, na kati ya kimoja na kingine kuna nchi nzima isiyopimwa. Ndiyo maana tunasikia kwenye taarifa kwamba jana hapakuwa na mvua, wakati huku kwetu misingi imejaa maji. Rada ingeziba pengo hilo, lakini nayo ina mipaka ambayo hamtuambii: dunia ni duara na mwale wa rada unanyooka, hivyo mwale ulioinuliwa nusu nyuzi tu ukifika kilomita 200 kutoka kwenye mtambo unakuwa umepita kilomita 4 hivi juu ya ardhi. Manyunyu ya chini ya hapo hauyaoni kabisa. Na siku rada imeharibika? Tunagundua wenyewe, kwa kuona picha ileile ya juzi.

5. "Mvua kubwa" ni kubwa kiasi gani?

Milimita 50 zilizosambazwa kwa saa 24 ni kero. Milimita hizohizo ndani ya saa moja ni mafuriko. Tahadhari zenu hutaja jumla ya siku na kuacha kasi, wakati kinachovunja mtaro na kubomoa kingo za msingi ni kasi. Vipimo vipo na vinajulikana: chini ya milimita 2.5 kwa saa ni mvua nyepesi, kutoka hapo hadi 10 ni ya wastani, juu ya 10 ni kubwa, juu ya 50 ni ya hatari. Waambieni watu pia kwamba milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mwenye paa la mita za mraba 100 akisikia milimita 20 atajua lita 2,000 zinamjia, na ataamua mwenyewe kama matangi yake na mtaro wake vinatosha. Hiyo ni hesabu ya darasani. Sioni kwa nini inafichwa.

6. Radi inasahaulika.

Hili nalitaja kwa ufupi kwa sababu halihitaji ubishi. Watu wangu wanapanda majukwaa ya chuma. Tangazo la mvua ya milimita 5 haliwashushi, ila radi ya wingu hilohilo inaweza kuwaua kabla tone halijaanguka. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo ngurumo ikisikika chini ya sekunde 30 baada ya mwanga, radi iko ndani ya kilomita 10, na inatakiwa watu washuke, wakae ndani hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kanuni hiyo inaenea ndani ya tangazo la sekunde kumi. Sijawahi kuisikia kutoka kwenu.

7. Hamtoi hesabu ya mlivyokosea.

Kila mnapoulizwa, jibu ni kwamba utabiri wenu una usahihi wa asilimia kubwa. Naomba niwakumbushe kisa cha zamani. Mwaka 1884 John Park Finley wa jeshi la Marekani alitoa matokeo ya majaribio yake ya kutabiri tonado, zile pepo kali zinazozunguka kama nguzo kutoka wingu la radi hadi ardhini, na alionekana amepatia kwa asilimia 96.6. Wenzake wakakaa na karatasi wakapiga hesabu. Kati ya utabiri 2,803, tonado zilikuwapo mara 51 tu. Mtu ambaye angelala usingizi na kusema kila siku "hakuna tonado" angepatia asilimia 98.2. Yeye alikuwa ametabiri tonado mara 100 na kupatia 28.

Mahali palipo na miezi mingi ya kiangazi, kusema "hakuna mvua" kutakupa asilimia nzuri bila kuangalia hata wingu moja. Tunachotaka kujua ni vingine: mliposema itanyesha, ilinyesha mara ngapi? Iliponyesha kwa nguvu, mlikuwa mmesema mara ngapi? Na siku zote mlizotoa asilimia 30, je, mvua ilikuja katika karibu tatu ya kila kumi? Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, alichapisha njia ya kuipima asilimia ya namna hiyo mwaka 1950. Sina shaka wataalamu wako wanaitumia. Matokeo yanakaa kwenye kabati la nani?

Sasa najua nitakayojibiwa, kwa sababu mengine nimeshayasikia.

Mtasema hewa haitabiriki. Kweli, na mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Edward Lorenz, alilionyesha hilo mwaka 1963: tofauti ndogo mwanzoni hukua hadi kubadilisha kila kitu, ndiyo maana utabiri wa siku kwa siku hauvuki wiki mbili hivi. Lakini sayansi haikuishia kukunja mikono. Tangu 1992 vituo vikubwa vimekuwa vikiendesha modeli mara nyingi kwa wakati mmoja, kila mara kwa mwanzo uliotofautiana kidogo. Kituo cha Ulaya nilichokitaja huendesha matoleo 51. Matoleo 45 yakileta mvua, una uhakika mkubwa. Yakileta 20, huna. Kiasi cha shaka kinajulikana kwa tarakimu, na ndicho hasa kinachofutwa kabla ya utabiri kutufikia. Na msijidharau: katika miongo iliyopita utabiri wa siku za mbele umekuwa ukiongezeka ubora kwa kiwango cha siku moja kila miaka kumi. Wa siku tano leo unakaribia ulivyokuwa wa siku nne muongo mmoja nyuma. Ni mafanikio makubwa ambayo hamjayafanyia hata tangazo.

Mtasema wananchi hawataelewa asilimia. Kaeni mahali popote penye redio ya mpira mwone vijana wanavyochambua uwezekano wa timu kushinda ugenini, na wanavyoweka fedha zao kwa hesabu hizo. Tatizo la kutoelewa ni la anayeeleza.

Mtasema mkitaja hatari waziwazi mtazua taharuki. Kinachozua taharuki ni kusikia "chukueni tahadhari" bila kuambiwa tahadhari gani, wapi, hadi saa ngapi. Tahadhari ya namna hiyo ikirudiwa wiki baada ya wiki inazaa kitu kibaya zaidi, nacho ni dharau. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza lengo la kila mtu duniani kufikiwa na tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Kufikiwa ni pamoja na kuelewa kilichosemwa.

Mtasema bajeti haitoshi. Kwa rada mpya, nakubali, na nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono mkiziomba. Ila soma tena malalamiko yangu. Kuandika muda wa mvua kunagharimu nini? Kueleza asilimia? Kusema rada haifanyi kazi leo?

Na labda mtasema simu za watu zina programu zake. Zinazo, na nyingi huchukua namba za modeli ya dunia nzima na kuzimwaga kwenye kioo bila mtaalamu kuzitupia jicho. Hazijui mlima ulipo kwa usahihi mnaoujua ninyi, wala upepo wa baharini unavyosukuma mawingu ndani kila alasiri. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi na si wao.

Ninachoomba, kabla ya msimu ujao wa mvua kuanza:

(a) Kila utabiri useme aina ya mvua inayotarajiwa (ya kutandaa, ya radi au manyunyu), saa zake, na kasi yake kwa milimita kwa saa.

(b) Kila asilimia iambatane na maelezo ya mstari mmoja: ni ya mahali gani, ya saa ngapi hadi saa ngapi, na ya kiasi gani cha chini.

(c) Utabiri uonyeshe ulitolewa saa ngapi, na siku za radi urudiwe mchana badala ya ule wa jana jioni kuachwa ukizunguka.

(d) Mtaalamu, si msomaji habari, apewe dakika mbili kwa wiki kutuonyesha picha ya wingu la wiki hiyo na kueleza lilifanya nini na kwa nini. Ombi hili naliweka mbele ya mengine yote.

(e) Kila mwezi mchapishe mlivyopatia na mlivyokosea, kwa namna niliyoeleza katika namba 7. Siku ambayo mmekosa vibaya, tuambieni sababu kesho yake.

(f) Vituo na rada zisizofanya kazi zitajwe.

(g) Raia wanaotaka kupima mvua majumbani kwao wapewe maelekezo ya kuweka kipimamvua vizuri, mbali na kuta na miti, na njia ya kutuma vipimo. Mimi nitakuwa miongoni mwao, na najua wasimamizi wenzangu kadhaa ambao hawatahitaji kubembelezwa.

Naomba jibu kwa maandishi, nalo liwe la wazi kama ilivyo barua hii. Kama kuna ombi lisilowezekana, lisemwe ni lipi na linakwama wapi. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayopanga, na nitakuja na daftari la saiti lenye saa za mvua tulizoandika, mlilinganishe na rekodi zenu.

Wako mtiifu katika kazi,

Msimamizi wa ujenzi

Nakala:
Wahariri wa taarifa za habari za redio na televisheni
Wakuu wa shule, kitengo cha jiografia na sayansi
Wasomaji wote